Njia ya kinga isigeuke njia ya mayi

Ndugu wanamemba, katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mbegu, mbolea na bei ya soko. Njia hatuzizungumzie. Lakini kati ya shamba na soko kuko njia, na kwa wengi wetu njia hiyo inapitwa na kinga, si na motokari. Lengalenga, matomati, mahindi, makala, samaki wa bwawa: vyote vinapanda juu ya kinga, vinasukumwa mpaka barabara ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi ao ya Kasumbalesa, na kutoka pale vinaingia Lubumbashi, soko la Kenya, Katuba ao Mzee Kabila. Chombo kikubwa cha kubebea mavuno yetu ni hicho. Hata hivyo, njia yake hakuna anayeitengeneza. Inajitengeneza yenyewe kwa miguu ya watu, na inajitengeneza vibaya.

Angalia sura ya eneo letu. Lubumbashi iko juu ya tambarare, karibu mita 1 200 juu ya bahari. Mito haikosekani: Lubumbashi wenyewe, Karavia, Naviundu, Kipopo, Kiswishi, na Kafubu ambayo inapeleka mayi yake mpaka Luapula. Kando ya mito tumechimba mifereji ya kunyweshea mboga, na tumejenga mabwawa ya samaki, kazi ambayo pale Kipopo ilijulikana tangu wakati wa ukoloni kwa majaribio ya tilapia. Bustani ziko chini, karibu na mayi. Barabara iko juu. Kwa hiyo kila mzigo wetu unapanda. Wenzetu wa Goma wanaobeba mizigo kwa chukudu la mbao wanabahatika: njia zao nyingi zinateremka kuelekea mji, na mzigo unajisukuma wenyewe. Siye tunateremka na kinga tupu, tunapanda na kinga iliyojaa.

Sasa mtu akitoka bustanini na mzigo, anatazama barabara pale juu na anasema: "Paka tupite hapa moja kwa moja, njo karibu." Anapita. Mwenzake anamfuata. Miezi miwili baadaye majani yamekufa, udongo umekandamizwa, na kuko mstari mwekundu ulionyooka kutoka barabara mpaka mfereji. Halafu mvua ya Novemba inafika.

Tuhesabu kidogo. Njia yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 100 ni mita za mraba 100. Mvua kubwa ya milimita 50 ikianguka juu yake, ni litri 5 000 za mayi, sawa na mapipa 25 ya litri 200. Hiyo ni mvua iliyoanguka juu ya njia peke yake, bila kuhesabu ile inayotoka mashambani pembeni. Udongo uliokandamizwa na magurudumu haunywi mayi, kwa hiyo karibu yote yanateremka. Na mayi yanayoteremka moja kwa moja yanapata mbio: mbio ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Yanachimba. Mwaka wa kwanza ni mfereji mdogo wa vidole vitatu. Mwaka wa pili gurudumu linaingia ndani na pedali inagonga ukingo. Mwaka wa tatu watu wanaacha njia ile na kufungua ingine pembeni, ndani ya shamba la jirani, na kesi inaanza.

Lakini hasara kubwa iko chini, pale udongo unapofikia. Unaingia katika mfereji na kuujaza mchanga, na unaingia katika bwawa na kupunguza kina. Ninasikia mara nyingi: "Mfereji wetu hauna nguvu tena, mto umepungua." Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kulaumu mto, panda juu ukatazame njia ya kinga inaishia wapi. Na hapa kwetu kuko jambo moja zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima shaba na metali zingine katika udongo na mboga za bustani za mji wetu. Kama njia yako inapita karibu na mabaki ya mgodi, udongo unaoshuka nayo si mchanga tu, na hauufai mfereji wa mboga hata kidogo.

Watu waliopima jambo hili vizuri zaidi si wakulima. Ni wale wanaoendesha kinga za mlima kwa kujifurahisha, zile tunazoita VTT. Utacheka, na miye nilicheka. Lakini wao walikutana na shida ileile: njia zao za milimani zilikuwa zinachimbika, na wenye misitu walitaka kuwafukuza. Shirika lao la kimataifa, IMBA, lilianzishwa California, Marekani, mwaka 1988, na mwaka 2004 lilitoa kitabu kizima juu ya namna ya kuchora njia ambayo mayi hayaiharibu. Kanuni yao kubwa wanaiita kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachopita. Ikizidi nusu, mayi yanaona njia ni rahisi kuliko kilima, yanageuka na kuifuata. Ikiwa chini ya nusu, mayi yanakata njia upande kwa upande na kuendelea na safari yake. Na hata kilima kikiwa kikali namna gani, njia isizidi kwa wastani mita 10 za kupanda katika mita 100.

Wengine wanasema, "Siye hatuna milima." Kwa kweli vilima vyetu ni vya pole. Lakini soma kanuni tena. Kilima kikipanda mita 8 katika mita 100, njia haipashwi kuzidi mita 4. Njia iliyonyooka juu ya kilima cha pole inavunja kanuni sawasawa na ile ya mlima mkali. Ndiyo maana tunaona makorongo hata pahali ambapo mtu haoni kama kuko mteremko.

Kupima hakuombi mashine. Wengi wenu munajua fremu ya A, ile tunayotumia kuchora mistari ya kuzuia mmomonyoko: miti mirefu miwili iliyofungwa juu, mti mmoja wa kukata katikati, kamba na jiwe. Weka miguu yake iachane mita 2 kamili, na tia alama pahali kamba inapopita fremu ikisimama sawa. Sasa simamisha fremu ikielekea moja kwa moja chini ya kilima. Inua mguu wa chini mpaka kamba irudi kwenye alama, kisha pima umbali kati ya mguu na udongo. Tuseme ni sentimita 20. Kata kijiti cha urefu huo, halafu kikate nusu. Kile cha sentimita 10 kifunge chini ya mguu mmoja wa fremu, na mguu huo ubaki siku zote upande wa kuteremka. Tembea na fremu kando ya kilima, ukitafuta kila hatua pahali kamba inakaa kwenye alama, na piga kambo pale. Vile vijiti vidogo vikisimama msururu, hiyo ndiyo njia yako, na inapanda nusu ya kilima. Kama nusu ya kijiti inazidi sentimita 12, tumia 10 tu. VTT haina mzigo. Kinga yetu iko nao.

Kwa sababu mwenye kusukuma naye ana haki yake. Chukua kinga ya kilo 15 na mzigo wa kilo 100. Kutoka bustani mpaka barabara ni kupanda mita 8. Ukinyooka, njia ni mita 50, na unasukuma kama unainua kilo 18 kila hatua, tena miguu inateleza. Watu wengi wanamlipa kijana asukume nyuma. Ukizunguka kwa mwinuko wa 5 katika 100, njia ni mita 160 na unasukuma kilo 6 hivi. Ni mara tatu kwa urefu, lakini mama ao mzee anaweza kupanda peke yake bila kulipa mtu. Mukipiga hesabu ya makuta yanayotoka kwa kijana huyo kila siku ya soko, mutaona njia ndefu ni ya bei nafuu.

Kuchimba kwenyewe ni kazi ya salongo. Upana wa mita 1 unatosha, na pahali pa kupishana kila panapoonekana mbali. Udongo unaotoa upande wa juu usiuache kama ukuta pembeni ya chini, maana utafunga mayi ndani ya njia. Utawanye mbali. Ukingo wa chini uwe sentimita 5 chini kuliko ule wa juu, mayi yatoke. Na kila mita 20 ao 30, fanya njia ishuke kidogo hatua tatu ine halafu ipande tena, kama mgongo wa mtu aliyelala. Mayi yakifika pale hayawezi kupanda, yanatoka pembeni. Vishimo hivi viwe virefu na vya pole. Kikiwa kifupi na kikali, kinga yenye mzigo itaruka na mzigo utalala.

Juu ya kutandika njia: udongo wa kichuguu unashika vizuri, na vichuguu vikubwa havikosi kwetu, karibu 3 kwa hekta moja. Lakini peke yake ukilowa unateleza kama sabuni. Uchanganye na kokoto nyekundu ao vipande vya matofali ya kuchoma yaliyovunjika, hasa ndani ya vile vishimo. Katika dembo usichimbe njia. Majani ya dembo ndiyo yanashikilia mayi ya kiangazi. Inua njia juu ya mawe makubwa, mayi yapite katikati yao.

Sasa ninafika kwenye mifereji na mabwawa, na hapa ninaomba mushike vizuri. Mfereji usivukwe kwa kupita ndani yake. Kila gurudumu linabomoa ukingo kidogo, na siku moja mayi ya bustani ishirini yanatoka pale. Weka mbao mbili nene ao dale ya simenti, na ufanye kishimo cha kutoa mayi mita chache kabla ya daraja, ili mchanga usifike. Njia ikienda sambamba na mfereji, ipite upande wa chini, mita 2 mbali na ukingo. Ikipita upande wa juu, mchanga wote ni wa mfereji.

Bwawa ni hatari zaidi. Juu ya ule ukuta wa udongo, digi, ni pahali pazuri sana pa kupita: pamenyooka, pakavu, pafupi. Lakini magurudumu yanachimba mstari, na mstari ule ndio pahali pa chini kuliko pengine pote. Siku mayi yakijaa, yatapita pale kwanza. Digi ya udongo ikianza kupitwa na mayi juu, haingoji asubuhi. Usiku mmoja unatosha, na samaki wote wanaenda mtoni pamoja na bustani zilizo chini. Kuna wanaofanya vibaya zaidi: wanajaza udongo katika mlango wa mayi ya ziada ili kinga ipite bila kulowa. Huo ni mlango wa kuokoa bwawa. Ukiufunga, mayi yatajichagulia mlango mwingine. Kama hakuna njia ingine isipokuwa digi, ongezeni kokoto juu yake kila mwaka mpaka katikati pawe juu kuliko kando, na mlango wa mayi ya ziada uvukwe kwa daraja la mbao, si kwa udongo.

Kabla ya jembe la kwanza, onaneni na chefu wa kijiji na kila mwenye shamba ambalo njia mpya itakata. Njia inayozunguka inagusa watu wengi kuliko ile iliyonyooka, na mtu asiyeulizwa atapanda muhogo katikati yake. Karatasi moja yenye majina na alama za vidole, ikae kwa sekretere wa koperative. Na ile njia ya zamani ifungwe kweli: miti ilazwe kwa kukingama, vetiver ao sitronela ipandwe kila hatua tano. Ikibaki wazi, watu watairudilia kesho yake.

Wakati wa kupima ni Septemba, majani yameungua na kilima kinaonekana chote. Kuchimba kunangoja mvua ndogo za Oktoba, udongo ukiwa laini na ukikandamizwa unashika. Kisha mvua kubwa ya kwanza ikipiga, watu wawili wasikae nyumbani. Wachukue jembe, wavae plastiki, watembee njia yote mvua ikiwa bado inanyesha. Pahali mayi yanatembea ndani ya njia zaidi ya hatua kumi, wafungue ukingo wa chini palepale.