Mbogi ya Mars, Mbogi ya Jupiter, na Mimi wa Neptune

Hii bifu huanza tu poa. Msee anaweka ngoma kwa spika, mbogi inaskiza, halafu mtu anauliza: sasa hapo ni gani imekubamba? Hapa Sironga, pale nduthi zinapaki zikingoja watu wa kwenda Nyamira tao, maswali kama hayo huwa ya gengetone na drill. Mimi nilileta yangu, na hadi sai wasee hawajakubaliana: kati ya vile vipande saba vya The Planets ya Gustav Holst, wewe ni wa gani?

Wacha niwachanue kwanza. Okestra huwa na kitu inaitwa swiiti. Ni vipande kadhaa, kila moja na mudi yake, zinapigwa moja baada ya ingine vile albamu hufanya. Holst alikuwa Mwingereza, na hii swiiti aliiandika kati ya 1914 na 1917, kila sayari na kipande yake: Mars, Venus, Mercury, Jupiter, Saturn, Uranus, Neptune. Dunia haiko, ju jamaa hakuwa anafuata mambo ya darubini. Alikuwa amezama kwa unajimu, zile stori za nyota yako inasema wewe ni mtu wa aina gani. Pluto nayo iligunduliwa 1930, akiwa ashamaliza kitambo. Yote ni kama dakika 50, hata bando ya siku inaimaliza na inabaki.

Wasee wa nduthi wote ni Mars. Siwezi walaumu. Inaanza na violini zenye hazipigwi na nywele za upinde. Wasee wanageuza upinde wanagonga nyuzi na ule mti wake. Inatoka sauti kavu, haina utamu, na chini yake kuna ngoma. Ta-ta-ta TA TA ta-ta TA. Gonga hiyo kwa meza sai hivi. Ukihesabu utapata ni tano, si nne, na ndio maana mguu unakosa kujua itue wapi. Beat zetu nyingi mtaani ni za nne, so hii inakusukuma kwa mgongo na haikupi mahali pa kupumua. Halafu tarumbeta zinaingia na hapo ni ngori. Hata ukisema hujawahi iskia, ushaskia watoto wake kwa muvi: 2006 wenye haki za Holst walienda kortini wakidai muziki ya Gladiator imechota hapo.

Mbogi ya pili ni Jupiter, na kiongozi wao ni kazo yangu wa raga. Katikati ya Jupiter kila kitu inapoa, halafu inakuja melodi moja kubwa, pana, yenye inakufanya usimame wima hata hujaambiwa. Waingereza waliifanya wimbo wa uzalendo 1921, na tangu 1991 ndio wimbo wa Kombe la Dunia la raga. Hapo ndio shida yangu na Jupiter. Melodi ni tamu, sikatai, lakini imebebeshwa bendera nyingi sana, hadi ukiiskia unaona sherehe ya wenyewe. Kitu naheshimu ni stori ya siku ya kwanza swiiti ilipigwa. Binti ya Holst, Imogen, aliandika kwamba wale wamama walikuwa wanasugua korido za holi waliskia Jupiter ikianza, wakaweka brashi chini, wakadance. Hao hawakuwa wamealikwa na hawakuwa na haja ya kuringia mtu.

Saturn nitaipitia tu, ingawa ndio Holst mwenyewe alikuwa anapenda kushinda zote. Inahusu uzee. Zile besi zikianza kuvuta chini, mtu wa Gusii anafikiria obokano direct, ile yetu ya nyuzi nane yenye ngurumo inatoka kwa tumbo ya chombo. Nilimwekea sosh wangu, akaskiza hadi mwisho, akaniuliza kwani hao watu hawana mtu wa kuimba. Swali ya maana sana hiyo.

Ju wako. Wako Neptune, kipande ya mwisho, na ndio yangu.

Okestra yote inaambiwa icheze kwa sauti ya chini kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mahali inapanda. Vinubi, filimbi, violini zinatetemeka tu. Halafu, na hii ndio watu hawagundui, hesabu yake ni tano. Ile tano ya Mars. Jamaa amechukua hesabu ya vita akaigeuza kitu huwezi hata kushika. Ukiwaweka wasee wa Mars waiskize, wanakushow imewaboo, na bado wanaskiza hesabu yao wenyewe.

Mbele kidogo sauti za wanawake zinaingia, bila maneno, na huwaoni. Holst aliandika kwa karatasi kwamba hao waimbaji wakae chumba ya kando, mlango ukiwa wazi. Ikifika mwisho okestra inanyamaza, zinabaki sauti peke yake. Ile baa ya mwisho inarudiwa, inarudiwa, na mtu anafunga mlango polepole bila kelele, hadi huwezi sema ni saa ngapi wimbo umeisha.

Sasa uliza hao wanawake walikuwa nani.

Holst alikuwa odijo wa muziki. Alifunza St Paul's Girls' School, shule ya madem pale Hammersmith, London, kuanzia 1905 hadi alipokufa 1934. Hii swiiti aliiandika hapo shuleni, wikendi, ndani ya chumba ya muziki yenye kelele za nje haziingii. Mkono wake wa kulia ulikuwa na shida ya neva, kuandika ilikuwa inamuuma, so madam wawili wa hiyo shule, Vally Lasker na Nora Day, ndio walimsaidia kuandika noti za okestra yote. Halafu tarehe 29 Septemba 1918, beshte wake tajiri, Balfour Gardiner, akamlipia Queen's Hall na okestra kama zawadi. Aliyeongoza ni Adrian Boult, kijana wa miaka 29. Wapigaji waliona zile karatasi kama masaa mawili tu kabla ya kuanza. Na kwaya ya Neptune? Ilitoka kwa wanafunzi wa St Paul's na wa Morley College, penye Holst pia alikuwa anafunza.

Yaani zile sauti watu wanasema ni za mbinguni, za anga za mbali, zilikuwa pia za madem wa shule.

Ukisema "Sironga" popote Kenya, mtu anajibu "Girls?" kabla hujamaliza. Huu ni mtaa umejulikana ju ya shule. Saa za jioni ukipita karibu na shule yoyote huku, Nyamira ama Kisii, kuna kwaya mahali inarudia laini moja hadi uichoke wewe mwenye huimbi. Kenya Music Festival imekuwako tangu 1927, so hata masosh wetu kuna wenye walipitia hapo. Mimi nilikuwa alto, kwaya ya shule, ile safu ya nyuma yenye majaji hawaoni. Kitu nakumbuka kushinda kuimba ni kungoja. Mko nje ya holi, sketi zimepigwa pasi, mtu anawapitishia maji, na ndani kuna shule ingine inaimba setipisi ileile yenu. Mlango ukifunguliwa unaskia kila kitu, ukifungwa inabaki kaharufu tu ka wimbo. Unajua wako juu yenu, na bado unataka waendelee.

So wakiniambia Neptune ni ya watu wamesoma sana, zii. Nilikuwa huo upande wa mlango.

Kama unataka kuiskiza, usijaribu kwa mathree ya Kisii. Utaskia injini na makanga, Neptune itakuwa imeisha ukidhani bado haijaanza. Ngoja usiku, vaa earphone, na uanze na Mars uende hadi mwisho, ju Holst mwenyewe hakupenda watu wakiikatakata. Ako kwa rekodi pia, akiongoza London Symphony Orchestra 1926. Sauti imezeeka, lakini Mars yake inakimbia mbio hadi utadhani ana deni.

Na kwa maodijo wa kwaya huku kwetu, hii ni yenu. Pale mwisho wa Neptune hakuna violini ya kununua wala piano ya kukodisha. Ni sauti za madem, sehemu sita, hakuna hata neno moja la kukariri, na mlango moja wa kufungua na kufunga. Milango tuko nayo. Jaribuni hata kwa siku ya wazazi, halafu muwaulize wasee wa nduthi walioskia wakiwa geti bado ni wa Mars.