Kikohozi Sugu kwenye Chungu cha Mchina

Mafua yamepona, homa imeshuka, lakini kikohozi kimegoma kuondoka. Mgonjwa wa namna hii akienda kwa daktari wa tiba ya jadi nchini China, huanza kwa kuhojiwa. Kikohozi ni kikavu au kina makohozi? Makohozi ni meupe na mepesi, au ya manjano na mazito? Kinambana zaidi usiku? Kisha hutoa ulimi ili utando wake utazamwe, na daktari humwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, mmoja baada ya mwingine, kupima mapigo.

Majibu ndiyo yanayochagua dawa. Kwa mafundisho ya tiba hiyo, kikohozi kikavu kinataka mapafu yalainishwe. Chenye makohozi mengi meupe kinataka unyevu ukaushwe. Ukibadilisha dawa hizo, unazidisha tatizo.

Kwa kikohozi kikavu, familia nyingi huanzia jikoni. Peasi hukatwa kichwa kama kifuniko, mbegu zikatolewa kwa kijiko, na ndani ya shimo hutiwa sukari ya mawe pamoja na unga wa chuan bei mu, kitunguu kidogo cha ua linaloota kwenye milima mirefu ya magharibi mwa China. Kifuniko hurudishwa, peasi likapikwa kwa mvuke hadi lilainike, kisha likaliwa moto pamoja na maji yake.

Palipo na makohozi, hutumika maganda ya machenza yaliyokaushwa na kuwekwa kwa miaka. Yale ya Xinhui, katika jimbo la Guangdong, ndiyo yenye sifa kubwa, na yakikaa zaidi bei hupanda. Maganda hayo yamo pia katika Zhi Sou San, mchanganyiko wa dawa saba uliowekwa na tabibu Cheng Guopeng katika kitabu chake cha mwaka 1732, ambao hadi leo huandikiwa watu wenye kikohozi kilichobaki baada ya mafua.

Baadhi ya mimea hii imepita maabara. Ma huang, inayotumiwa tangu kale kwa pumu na kikohozi, ilimpa mwanakemia Mjapani Nagai Nagayoshi kemikali ya efedrini mwaka 1885. Katika miaka ya 1920, utafiti uliofanyika Beijing uliiingiza katika hospitali za Magharibi kama dawa ya kupanua njia za hewa. Lakini efedrini huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo.

Madouling ina habari mbaya zaidi. Tunda hili lilitumika vizazi kwa vizazi kutuliza kikohozi, hadi ikathibitika kwamba asidi ya aristoloki iliyomo huharibu figo na kusababisha saratani. Hata mizizi ya susu, inayotiwa katika dawa nyingi za kikohozi, ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo mwenye presha, mjamzito au anayemeza dawa nyingine amwulize daktari kwanza, na pakiti isiyoandikwa kilichomo iachwe dukani.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, hasa kikiambatana na jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi. Peasi la mvuke haliui vimelea vya ugonjwa huo, na kila wiki ya kusubiri huvipa nafasi ya kuwaambukiza wa nyumbani.