Nini Kinachopandisha Shinikizo la Damu?

Katika mazungumzo ya kila siku maradhi ya shinikizo kubwa la damu huitwa "presha", na wengi huamini kwamba huletwa na mawazo, hasira au habari za ghafla. Wengine huyahesabu kuwa sehemu ya uzee, kama mvi. Imani zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zimewafanya watu wasitazame mahali ambapo chanzo hupatikana mara nyingi, yaani jikoni.

Yafaa kwanza ieleweke shinikizo lenyewe ni kitu gani. Moyo unapojikamua huisukuma damu katika mishipa, nayo damu huzisukuma kuta za mishipa hiyo. Nguvu hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki, na kipimo huandikwa kwa tarakimu mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapojikamua, ya chini ni ya wakati unapolegea. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya siku mbalimbali hufika 140 kwa 90 au kupita hapo huhesabiwa kuwa na shinikizo kubwa. Kipimo kimoja hakitoshi, maana hata kumwogopa daktari hulipandisha kwa muda.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha matokeo ya kuwapima wenyeji wapatao 1000. Hakuona kwao shinikizo likipanda kadiri umri ulivyoongezeka, kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Basi uzee peke yake hautoshi kuwa sababu. Lakini je, wenyeji wale walikingwa na urithi wao au na maisha yao?

Jibu lililo bora lilitoka katika eneo lilo hilo la Ziwa Viktoria. Wataalamu waliwafuatia Wajaluo waliohama vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Shinikizo la waliohama lilikuwa kubwa zaidi, na tofauti ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Uzito wao ulikuwa umezidi, na mapigo ya moyo yalikwenda kasi zaidi. Urithi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Kasi ya mapigo yaonyesha kwamba hata wale wanaoyalaumu mawazo hawakukosea kabisa, lakini mkojo ndio uliotoa ushahidi mzito.

Sodiamu ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Ikizidi mwilini huzuia maji yasitoke, na maji hayo huongeza wingi wa damu iliyomo katika mishipa. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa, na kwa watu wengi haziwezi kuitoa yote mpaka shinikizo lipande kwanza. Potasiamu, iliyomo kwa wingi katika maharage, ndizi, viazi vitamu na mboga za majani, huzisaidia figo kuitoa sodiamu. Kwa hiyo anayeacha vyakula hivyo na kushika mkate wa dukani, nyama ya kopo na supu ya pakiti hupata hasara mara mbili, hata kama hagusi kopo la chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa kiwandani.

Unene, ulevi na kukaa bila kuushughulisha mwili huongeza hatari. Tumbaku huharibu mishipa ambayo tayari inaelemewa. Urithi nao una nafasi yake: ambaye mzazi wake ana maradhi haya hana budi kupimwa mapema, kwani aghalabu hayana maumivu wala dalili. Wako wanaoacha vidonge siku wanapojiona wazima, wasijue kwamba kujiona mzima si kipimo. Shinikizo hurudi kimya kimya, likaharibu figo na moyo au kuleta kiharusi.

Kwa wagonjwa walio wengi haipatikani sababu moja iliyo dhahiri, bali ni mambo hayo yaliyokusanyika. Kwa wachache sababu hupatikana, kama vile ugonjwa wa figo, kuziba kwa mshipa unaopeleka damu katika figo, au uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo. Kijana mwenye shinikizo kubwa mno asiambiwe tu kwamba ana mawazo. Achunguzwe figo na tezi hizo, maana baadhi ya hao huweza kuponywa kabisa.