Ireland baada ya jirani kujitoa

Lori la nyama ya ng'ombe kutoka Ireland kwenda Ufaransa lilikuwa na njia yake ya mazoea: kuvuka bahari hadi Holyhead, kuikatiza Uingereza hadi Dover, kisha kuvuka tena hadi Calais. Safari ilikuwa ya chini ya siku moja, na malori yapatayo 150,000 yaliifuata kila mwaka. Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Kipindi cha mpito kilipokwisha Desemba ya mwaka huo, njia ya mkato ikageuka mlolongo wa makaratasi ya forodha.

Taifa hili la watu milioni 5 na ushei likageukia bahari. Januari 2021 ilianza feri mpya kutoka Rosslare, bandari ya kusini-mashariki, hadi Dunkirk: saa 24 hivi majini, Uingereza ikiachwa kando. Kabla ya hapo Rosslare ilikuwa na safari chache tu za moja kwa moja kwenda bara la Ulaya. Leo zinapita 30 kwa wiki.

Nchi kavu ndiko kulikokuwa na hatari. Mpaka na Ireland ya Kaskazini, ambayo iko chini ya Uingereza, una kilomita karibu 500 na barabara zaidi ya 200 zinazoukatiza. Kabla ya mkataba wa amani wa 1998 palikuwa na askari na minara ya ulinzi. Sasa dereva huona tu vibao vya mwendo vikibadilika kutoka kilomita kuwa maili. Dublin ilikataa katakata vizuizi kurudi, na wanachama wengine 26 wa Umoja wakaiunga mkono. Ukaguzi ukahamishiwa baharini, kati ya Uingereza na Ireland ya Kaskazini, jambo linalowaudhi hadi leo wafuasi wa muungano na Uingereza huko Belfast. Anayekumbuka mpaka wa Tanzania na Kenya ulivyofungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hataushangaa msimamo wa Dublin.

Ila feri na diplomasia zisipewe sifa zote. Ireland na Uingereza zilipojiunga na soko la Ulaya pamoja mwaka 1973, zaidi ya nusu ya bidhaa za Ireland ziliuzwa Uingereza. Siku ya kuagana ilipofika, ilibaki takriban sehemu moja ya kumi, kwa kuwa viwanda vya dawa vya makampuni ya Marekani vilishaifungulia nchi masoko mengine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipookokea.

Wavuvi hawakuwa na kinga hiyo. Mkataba wa biashara wa Desemba 2020 uliipa Uingereza sehemu ya mgawo wa samaki wa Ireland, na bandari ya Killybegs, inayoishi kwa samaki jamii ya vibua, ikaumia. Katika fidia ya Umoja wa Ulaya, Ireland ilitengewa zaidi ya euro bilioni 1, fungu kubwa kuliko la mwanachama mwingine yeyote. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kuwalipa wenye meli za uvuvi ili meli zao zivunjwe.