Sufuria Nzito na Kilichoyeyushwa Ndani Yake

Sufuria nzito ya kusubu ina sifa ambazo kila mpishi anazijua. Haibonyei ikidondoka, haiyumbi juu ya mafiga, na wali ukipaliwa makaa ndani yake huiva taratibu bila kushika ukoko mweusi. Kwenye harusi na hitima ndiyo inayobeba pilau la watu mia, na bei yake mara nyingi iko chini ya ile ya sufuria ya kiwandani yenye unene huohuo. Sifa hizo ni za kweli, na makala haya hayakusudii kuzikanusha. Ila lipo swali moja ambalo mnunuzi haulizi na muuzaji wa sokoni hana namna ya kulijibu: sufuria hii imeyeyushwa kutokana na nini? Jibu lake ndilo linaloamua kama chakula cha watoto kitachanganyika na madini ya risasi. Hapo mpishi hana uwezo wowote, kwa sababu mambo yalikwisha kuamuliwa kwenye tanuri siku ambayo sufuria ilizaliwa.

Karakana za kusubu alumini zinafanana karibu kote Afrika. Kuna shimo la moto wa mkaa au oili chafu, feni ya kupuliza, chungu cha chuma cha kuyeyushia, na pembeni lundo la vyuma chakavu vilivyonunuliwa kwa kilo. Ndani ya lundo mna pistoni na vichwa vya silinda, rimu za magari, fremu za madirisha, makopo ya soda, rejeta, makasha ya redio na kompyuta zilizokufa. Vyote hutupiwa chunguni hadi vitiririke, fundi akauengua utando wa mavi ya chuma unaoelea juu, kisha akamimina uji huo kwenye kalibu ya mchanga. Risasi huingia kwa njia nyingi ndogondogo. Iko kwenye lehemu iliyozibia rejeta na kwenye lehemu ya vifaa vya umeme. Iko kwenye vile vipande vya kubalansi matairi ambavyo hubaki vimebanwa kwenye ukingo wa rimu. Wakati mwingine ni mabaki ya betri yaliyochanganyika na mzigo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na risasi kwenye nyuzi 327 tu, hivyo alumini inapoanza kulainika risasi imekuwa maji zamani. Moto huo hauiondoi. Metali hizi mbili hazishikani vizuri, kwa hiyo sufuria inapopoa, risasi hubaki imetawanyika kama chembe ndogo mno ndani ya alumini. Fundi haioni. Anayeipigapiga sufuria kwa kidole kusikiliza mlio wake hawezi kuisikia, na kwenye mchuzi haina ladha ya kumshtua mtu.

Mwaka 2017 Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland nchini Marekani, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ameshiriki kupima vyombo vya Kameruni, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ndani ya kila chombo walichemsha asidi ya siki iliyozimuliwa kwa saa 2, kisha wakapima kilichotoka. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila mlo wa mililita 250, yaani kama kikombe kimoja cha chai. Aidha, vyombo 15 vilitoa zaidi ya mikrogramu 1 ya aseniki, na 10 vilitoa kadimiamu kwa kiwango hicho. Chombo kimoja kutoka Vietnam kilitoa mikrogramu 33 za risasi kwa mlo kwenye jaribio la kwanza, 1,126 la pili na 1,426 la tatu. Wako wanaoamini kuwa chombo kipya kikichemshwa maji mara mbili tatu uchafu wake huisha. Chombo hicho kilikwenda kinyume kabisa, na sababu inaelekea kuwa hii: asidi inapoula uso wa alumini hufunua chembe zilizokuwa zimefunikwa.

Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na mtu anaweza kujiuliza kama kitu kidogo hivyo kina uzito wowote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kipimo cha tahadhari kwa mtoto, kutoka vyakula vyote anavyokula. Bakuli moja lenye mikrogramu 1 limekwisha kula karibu nusu ya kiasi hicho, na mtoto hali bakuli moja kwa siku. Mwili huipokea risasi kwa sababu inafanana na kalisi, madini yanayojenga mifupa. Mtoto mdogo, ambaye mwili wake unaisaka kalisi usiku na mchana, hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima anayekula chakula hichohicho, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Ikishaingia huvuruga ubongo unaokua: akili hupungua, utulivu wa darasani hupotea, hasira huongezeka. Kinachobaki hujificha mifupani kwa miongo. Msichana aliyeila utotoni anapokuja kubeba mimba, mifupa yake hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo sufuria iliyokwisha kutupwa inaweza kumfikia mtoto ambaye hakuwahi kuiona.

Pingamizi la kwanza ni la haki: siki ya maabara si chakula chetu. Ni kweli kwamba ugali wa maji matupu, unaosongwa kwa dakika chache, hautarajiwi kung'oa metali kama siki inayochemka saa 2. Lakini tuangalie kile kinachopikwa kweli. Mchuzi wa samaki wa pwani una ukwaju au ndimu na nyanya za kutosha, na hukaushwa polepole mpaka uwe mzito. Urojo wa Zanzibar una uchachu wa ndimu na embe bichi. Maharage ya nyanya hukaa motoni muda mrefu, na yakibaki hulala humohumo sufuriani hadi asubuhi. Na uji wa mtoto, hasa ule wa unga uliovundikwa au uliokamuliwa ndimu, ni asidi iliyopashwa moto, tena ananyweshwa yule anayefyonza zaidi kuliko wote nyumbani. Juu ya hayo kuna kusugua. Alumini hujitengenezea utando mwembamba unaoikinga isiliwe upesi. Makumbi na majivu, mchanga au stiliwaya huukwangua kila jioni. Mwanamke anayesugua sufuria hadi ing'ae anafanya alichofunzwa tangu utotoni, na majirani humsifu kwa hilo. Ni uonevu mtupu kumwambia sasa kwamba kosa ni lake.

Pingamizi la pili husikika kila mara: wazee wetu walipikia vyombo hivihivi wakazeeka. Kwanza, wengi wao hawakupikia hivihivi. Bibi zetu walipikia chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'arisha, na risasi hii ya lehemu na rimu haikuwemo humo. Sufuria iliyotoka kwenye injini na rimu haikuweza kuwepo kabla magari hayajawa mengi kiasi cha kuacha malundo ya mabaki. Pili, risasi kwa kiwango hiki haimlazi mtu kitandani tukaihesabu. Anayepoteza uwezo fulani wa akili kabla hajafika miaka mitano hukua, huoa, huzeeka, na hakuna anayejua angekuwa nani. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Si yote iliyotoka jikoni. Betri, rangi, viungo vilivyochakachuliwa na vipodozi vimo. Ila mtoto haguswi na betri mara tatu kwa siku.

Mfano unaoonyesha nguvu ya chombo peke yake ulitoka mbali, kaunti ya King katika jimbo la Washington, Marekani. Huko watoto wa familia za wakimbizi kutoka Afghanistan walionekana kuwa na risasi nyingi kwenye damu. Wataalamu wa afya walipofuatilia walikuta sufuria na vyombo vya presha vya alumini ambavyo familia zilikuja navyo kutoka kwao, na kwenye vipimo vyombo vya stenlesi vilitoa risasi pungufu kuliko vile vya alumini. Mwaka 2024 jimbo hilo likapitisha sheria iliyokataza kuuza vyombo vya kupikia vyenye risasi inayozidi sehemu 5 katika milioni. Kinachonivutia kwenye sheria hiyo ni mahali ilipoelekezwa: kwa anayetengeneza na anayeuza.

Ndivyo vita dhidi ya risasi vilivyopata ushindi kwingineko. Petroli yenye risasi haikuisha Afrika kwa kuwaambia watoto wa mjini wapumue kidogo; baada ya azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za kusini mwa Sahara ziliiondoa kwenye vituo vya mafuta kufikia mwanzoni mwa 2006. Rangi za nyumba nazo zimewekewa kikomo cha sehemu 90 katika milioni na viwango vya Kenya na Tanzania, na anayebanwa ni kiwanda, si mama mwenye mtoto anayelamba ukuta. Sufuria inastahili kushughulikiwa vivyo hivyo. Na pale hatua zilipochelewa, tumeona gharama yake: Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu kijiji kizima, mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwenye rufaa hadi Mahakama ya Juu.

Hapa huja pingamizi zito kuliko yote. Karakana hizi zinalisha familia, zinatumia taka ambazo zingetapakaa mitaroni, na zinauzia watu wasio na fedha za stenlesi. Ukizifunga, fundi atahamia uani kwake usiku na sufuria itapanda bei. Nakubali kila neno, na kwa sababu hiyo sitaki zifungwe. Anayeumia kwanza ni fundi mwenyewe, anayevuta moshi wa chungu na kurudi nyumbani na vumbi kwenye nguo ambazo mtoto wake atazishika. Kinachotakiwa ni kuchambua mzigo kabla ya moto. Vipande vya kubalansi matairi ving'olewe kwenye rimu, lehemu ikatwe kwenye rejeta, vifaa vya umeme na chochote kilichokaa na betri kisiingie chunguni; makopo na fremu safi za madirisha ziwekewe chungu chake, na mabaki ya injini yaende kutengeneza vitu visivyopikiwa. Kazi hiyo inahitaji koleo, mafunzo na bei nzuri zaidi kwa mzigo uliochambuliwa. Kipo pia kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma metali zilizomo ndani ya chombo kwa muda mfupi bila kukiharibu. Mashirika ya viwango yanaweza kupita nacho karakanani na sokoni. Kiasi kilichomo si lazima kiwe sawa na kinachotoka wakati wa kupika, ila sufuria isiyo na risasi haina cha kutoa. Weidenhamer na wenzake walijaribu pia kuvipaka vyombo utando wa kukinga, na alumini iliyotoka ikapungua kwa zaidi ya asilimia 98, metali nyingine nazo zikashuka vivyo hivyo. Ni njia ya kuongezea, maana utando hukwaruzika.

Sufuria si chombo pekee cha kuangaliwa. Sahani na vikombe vya kauri navyo vina hatari yake: risasi hutumika kwenye mng'aro kwa kuwa huufanya uyeyuke upesi na kung'aa, na kadimiamu hutoa rangi kali za njano, chungwa na nyekundu. Chenye mng'aro uliopasuka au maua yanayofifia kisitiliwe achari wala juisi ya ukwaju. Birika lililozibwa tundu kwa lehemu ya kawaida, ambayo mara nyingi ni bati na risasi, lisichemshiwe chai.

Nyumbani, hadi udhibiti ufike, kuna machache ya kufanya. Mwenye sufuria moja ya stenlesi au chungu cha udongo kisichong'arishwa akitenge kwa uji wa mtoto na vyakula vyenye ndimu, ukwaju na nyanya. Sufuria ya kusubu ibaki kwa kuchemshia mihogo na viazi, na chakula kisilale humo. Lakini mwenye kuamua kuachana nayo kabisa atakutana na jambo ambalo halijapatiwa mpango. Ataiuza kwa kilo kwa mpita njia anayenunua vyuma chakavu, naye ataipeleka kwenye lundo lilelile, na baada ya siku chache itakuwa sokoni tena, mpya, ikisubiri mnunuzi mwingine. Serikali za mitaa zinazotoza ushuru wa vyuma chakavu huenda zina kumbukumbu za leseni na orodha za wanunuzi hao. Zinaweza kuanza kwa kuagiza sufuria kuukuu zikusanywe kando na kupimwa kabla hazijarudi kwenye moto.