Nahodha Lancaster na Maji ya Malimau

Mtu akisimama juu ya daraja la Garissa wakati wa alasiri, maji ya Tana, mekundu kwa udongo wa nchi za juu, hupita chini ya miguu yake yakielekea Kipini kuingia katika Bahari ya Hindi. Na upande huu na huu wa mto huona mashamba ya migomba, miembe na mindimu, ambayo yakiisha tu, huanza nyika isiyokuwa na jani la kutafunwa na mwanadamu. Katika nyika hiyo mchunga ngamia huenda majuma na miezi, na wakati wa kiangazi chakula chake aghlabu ni maziwa peke yake, naye hurejea nyumbani ufizi wake mzima na miguu yake ina nguvu. Nimeanza na habari ya mchunga huyu kwa sababu mtu ninayetaka kumsimulia, nahodha wa Kiingereza aliyeitwa James Lancaster, alizunguka bahari za dunia akijifunza, kwa thamani ya roho za watu wengi, jambo ambalo mwili wa kila kijana wa malishoni mwetu huwa umekwisha lipata katika kibuyu.

Zama zile biashara ya pilipili manga na viungo vya Mashariki ilikuwa mikononi mwa Wareno, waliokuwa wakiipita pwani yetu tangu Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, na Waingereza walitamani sana kuipata njia hiyo. Tarehe 10 Aprili 1591 merikebu tatu zikang'oa nanga katika bandari ya Plymouth: Penelope ya George Raymond aliyekuwa mkuu wa msafara, Merchant Royal, na Edward Bonaventure ya Lancaster. Hazijafika nusu ya njia, mabaharia wakaanza kulala chini na kufa. Walikuwa wameshikwa na kiseyeye.

Kiseyeye ni maradhi ya mtu aliyekosa matunda na mboga mbichi kwa muda wa miezi miwili mitatu. Mwili wa mwanadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, nayo ni kama uzi unaoishona nyama kwa nyama na ngozi kwa ngozi. Uzi huo ukipungua ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, miguu hujaa madoa meusi, na hata kovu la jeraha la miaka mingi hufumuka kana kwamba mtu amejeruhiwa jana. Siku hizo mabaharia walikula nyama ya chumvi na mikate mikavu, na hapana aliyejua kwa yakini sababu ya msiba huu. Walipofika kusini mwa Afrika, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, ilibidi Merchant Royal irudishwe Uingereza pamoja na wagonjwa, chini ya Abraham Kendall, na watu 198 waliosalia wakagawanywa katika merikebu mbili.

Balaa haikuishia hapo. Tufani iliwakuta njiani kuelekea Msumbiji, Penelope ikapotea pamoja na wote waliokuwamo, wala haikuonekana tena. Siku nne baadaye radi ikaipiga Edward Bonaventure na kuua watu wanne. Visiwani Ngazija watu thelathini na zaidi walioshuka kuteka maji waliuawa mbele ya macho ya wenzao. Basi merikebu iliyotia nanga Unguja mwezi wa Novemba 1591 ilikuwa imebaki peke yake, na waliokuwamo walikuwa wamevunjika moyo.

Hapo Unguja ndipo masimulizi haya yanapotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili, na nataka msomaji akae nami kidogo. Wareno walikuwa na kituo kidogo cha biashara kisiwani, nao walikuwa na hofu kubwa, kwa kuwa miaka miwili tu nyuma walikuwa wamepigana na Amiri Ali Bey wa Waturuki huko Mombasa. Na mwaka 1593, Waingereza wale walipokuwa wamekwisha kwenda zao, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Kwa hofu hiyo wakawaambia wenyeji kwamba Waingereza ni watu makatili wanaokula watu, na anayependa roho yake asiwasogelee. Lakini wenyeji wengine waliiendea merikebu kwa mitumbwi, wakawaeleza wageni maneno waliyosingiziwa. Edmund Barker, naibu wa Lancaster, ambaye masimulizi yake yaliandikwa na kuchapishwa na Richard Hakluyt, anaisifu Unguja kwa bandari yake njema, maji matamu, samaki, kuku, ng'ombe, nazi na matunda mengine. Watu waliokuwa wamedhoofika walipata nguvu kwa vyakula vya kisiwa hicho.

Barker anaeleza pia vyombo vya wenyeji: vyombo vya mlingoti mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kutiwa vigingi vya miti, tanga lake limesukwa kwa majani ya mnazi. Yeyote aliyelelewa Lamu, Faza au Kizingitini atavitambua mara moja, kwani sifa hizo ndizo sifa za mtepe, chombo walichokiunda mabingwa wa Kibajuni mpaka zama za babu zetu. Wazee wa pwani husema kwamba omo ya mtepe ilichongwa kwa mfano wa kichwa cha ngamia wa Mtume. Na mimi, niliyezoea kuwaona ngamia wakiteremka mtoni kunywa, kila nikiitazama picha ya mtepe huiona shingo ile ile ikiinuka juu ya mawimbi.

Chombo kimoja cha namna hiyo Waingereza walikikamata, na ndani yake wakamkuta sharifu. Walimtendea kwa adabu, asema Barker, na mfalme wa Unguja, aliyewaheshimu mno watu wa dini, akatoa chakula cha miezi miwili ili sharifu arudishwe. Naona haya kulipita tendo hili bila ya kulitaja kwa jina lake. Mgeni aliyepokewa na kulishwa alimteka mtu wa heshima wa mwenyeji wake, akala fidia yake. Adabu ya mtekaji haiubatilishi utekaji. Na bila ya chakula hicho nina shaka kama Edward Bonaventure ingefika mbali.

Tarehe 15 Februari 1592 wakaondoka kuelekea Bara Hindi, ilhali kaskazi ingali ikivuma. Nahodha yeyote wa jahazi angaliwaambia wangoje kusi. Pepo na mikondo ziliwachukua kaskazini mpaka karibu na Sokotra, na ilikuwa Mei walipoizunguka ncha ya kusini ya Bara Hindi. Kisiwani Penang walifariki watu 26. Waliosalia waliteka merikebu za Wareno karibu na Malaka, kisha wakakataa kuendelea, wakataka kwao.

Wakirejea walipita kisiwa cha Saint Helena, Aprili 1593, wakamkuta John Segar, baharia aliyeachwa pale mgonjwa na Kendall wa Merchant Royal yapata mwaka mmoja na nusu kabla. Alikuwa ameishi peke yake muda wote huo, na mwili wake ulikuwa mzima. Lakini furaha ya kuwaona watu wa lugha yake ilimzidi, akakosa usingizi siku kadha wa kadha, na haukupita muda akafa. Baadaye, huko visiwa vya Karibi, seremala aliikata kamba ya nanga usiku, merikebu ikaenda zake na watu watano na mtoto mmoja, ikamwacha Lancaster na wengine ufukoni bila chakula, mpaka merikebu za Wafaransa zikawaokoa. Alikanyaga tena ardhi ya Uingereza tarehe 24 Mei 1594. Kati ya wale 198, waliorudi walikuwa kiasi cha 25.

Mtu mwingine angaliiapia bahari. Lancaster alitafakari. Mwaka 1601 Kampuni ya Mashariki ya Hindi, iliyopewa hati na Malkia Elizabeth tarehe 31 Desemba 1600, ilimkabidhi merikebu nne, naye ndani ya Red Dragon alichukua chupa za maji ya malimau, akawapa watu wake vijiko vitatu kila asubuhi kabla hawajala kitu. Walipofika kusini mwa Afrika, mabaharia wa merikebu tatu nyingine walikuwa dhaifu hata hawawezi kukunja matanga, ikabidi watu wa Red Dragon wapande kuwasaidia kutia nanga. Alirejea mwaka 1603 na shehena ya pilipili manga iliyozidi ratili milioni moja. Njiani usukani wa Red Dragon ulivunjwa na dhoruba. Lancaster akaandika barua ya kuiaga Kampuni, akaamuru Hector, mojawapo ya zile merikebu nne, imwache iende salama, lakini nahodha wa Hector hakutii, akabaki karibu naye mpaka usukani ukatengenezwa. Mfalme James alimtunukia cheo cha ubwana mwaka huo huo.

Turathi yake imegawanyika mafungu mawili. Kampuni aliyoifungulia njia ilikuja kuitawala India, na mfano wake ukafuatwa huku kwetu mwaka 1888 na Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati kama ile. Mwaka 1891, miaka 300 kamili tangu Lancaster kutia nanga Unguja, merikebu ndogo ya moshi iitwayo Kenia, chini ya Kamanda Dundas, ilipanda mto Tana mpaka Hameye, ikapita hapa tulipo sasa. Mipaka ikafuata, na mwaka 1925 Jubaland ikakatwa na kupewa Italia, ndugu wakajikuta katika dola mbili. Fungu hili ndilo lililotunzwa kwa bidii. Fungu la pili, la vijiko vitatu, liliachwa: ilimlazimu tabibu James Lind kuyajaribu malimau upya mwaka 1747, na jeshi la bahari la Waingereza halikuyaamuru kwa mabaharia wake mpaka mwaka 1795. Katika karne hizo mbili kiseyeye kiliua mabaharia maelfu kwa maelfu.

Nasi hapa, wataalamu wa lishe wamekwisha pima maziwa ya ngamia, wakayakuta yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Ndiyo sababu mchunga wetu hupita nyika nzima bila ya tunda wala jani, na meno yake hayalegei.

Lancaster alifariki mwaka 1618. Miaka miwili kabla, William Baffin alikuwa ameupa jina la Lancaster mlango wa bahari ulio kaskazini mwa bara la Amerika, katikati ya barafu, mahali ambapo nahodha huyo hakupata kufika. Barker naye, aliyekumbuka kutueleza mpaka kamba na vigingi vya vyombo vya Unguja, alisimulia habari za mfalme aliyewalisha na za sharifu waliyemteka, lakini majina yao hakuyataja.