Jina la Mwisho na Jina Adimu

Fungua gazeti la Kiingereza la Nairobi lenye habari za Stephen Kalonzo Musyoka, Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2008 hadi 2013. Akishatajwa kwa majina yote mara ya kwanza, mwandishi makini atamwita "Mr Musyoka" hadi mwisho wa habari. Sasa nenda Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, alikozaliwa, uulizie kwa Musyoka. Utajibiwa kwa swali: Musyoka yupi? Huko, kama ilivyo katika mikutano ya hadhara kote nchini, mtu huyu ni Kalonzo.

Desturi ya Kiingereza inataka jina la mwisho liwe la ukoo, yaani lipite kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila kubadilika, ili liweze kusimama peke yake katika sentensi. Ukambani, eneo la Wakamba linalojumuisha Kitui, jina la mwisho kwa desturi ni la baba. Isitoshe, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Basi Musyoka akimzaa Mutua, huyo ni Mutua Musyoka. Naye Mutua akipata mwana, anamwita Musyoka, na mtoto anakuwa Musyoka Mutua. Babu na mjukuu ni wajina, lakini baba na mwana hawana jina la mwisho linalofanana. Mwingereza akiandika "the Musyokas" akidhani ametaja familia nzima, amewaacha wajukuu nje na huenda amewaingiza majirani.

Majirani, kwa sababu majina yenyewe hurudiwa mno. Mengi hutokana na hali ya kuzaliwa: Mutuku alizaliwa usiku, Kioko asubuhi, Wambua wakati wa mvua. Usiku haukosi kuja, hivyo akina Mutuku hawaishi. Darasa moja la shule ya msingi huko Wote au Mutomo linaweza kuwa na Mutuku watatu, na mwalimu atawatofautisha kwa majina ya baba zao.

Wakoloni waliuona ugumu huu, wakaja na dawa yao ya kikarani: herufi "s/o", kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kusema fulani ni mwana wa fulani. Kesi mashuhuri ya mwaka 1932, ya watu 70 walioshtakiwa kumuua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi, imo katika vitabu vya sheria kama Rex v Kumwaka s/o Mulumbi and 69 others. Ilitokea Machakos, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992. Ile "s/o" ni mbaya kwa sura, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukweli, maana ilikiri kwamba Mulumbi ni baba, si ukoo. (Wale 69 hawakupata hata hiyo.) Fomu za leo zenye kisanduku cha jina la ukoo zimeifuta tofauti hiyo. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kukijaza kila mmoja kivyake, na mbele ya afisa wa uhamiaji wakaonekana si ndugu.

Kabla ya karani alikuja mmisionari. Johann Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alimwandika mwenyeji wake, mfanyabiashara Kivui, kama "Kivoi". Waandishi wakamtungia cheo, wakamwita Chifu Kivoi, ilhali Wakamba wa zama hizo waliongozwa na mabaraza ya wazee, si machifu. Jina moja tupu lilionekana pungufu, na cheo kikaziba pengo.

Makueni ilitoa mtihani mgumu zaidi mwaka 2013. Seneta Mutula Kilonzo alifariki Aprili. Bintiye Kethi Kilonzo, wakili aliyekuwa amejulikana nchi nzima katika kesi ya uchaguzi wa urais mbele ya Mahakama ya Juu, aliteuliwa kuwania kiti hicho kisha akazuiwa kwa suala la usajili wa mpiga kura. Kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, akachukua nafasi hiyo na kushinda Julai. Hii ni familia iliyolishika jina moja kwa mtindo wa Kizungu, na hapo ndipo "Kilonzo" peke yake ilipogoma kufanya kazi: marehemu, binti, au mwana? Waandishi wakakimbilia majina ya kwanza, Kethi na Mutula Junior. Tangu awe gavana mwaka 2022, mara nyingi ni Mutula tu.

Kumbe wenyeji hawatafuti jina la mwisho. Wanatafuta lile lisilo na wengi. Kalonzo ni adimu kuliko Musyoka, Mutula kuliko Kilonzo. Kwa Charity Kaluki Ngilu kanuni hizo mbili, ya jina la mwisho na ya jina adimu, ziliangukia neno moja. Ngilu ni jina la upande wa mumewe, tena ni la mwisho, na alipogombea urais mwaka 1997 hapakuwa na Ngilu mwingine katika siasa za kitaifa. Mhariri wa Kiingereza na mama wa sokoni Kitui wote walimwita Ngilu, na hakuna aliyeuliza yupi.